Tredimili yenye modi ya sledi: mwongozo kamili wa kuitumia, na cha kufanya ukiwa huna

Tredimili za modi nyingi zimeunganisha mazoezi mawili ambayo zamani yalihitaji nafasi mbili tofauti: kukimbia, na kusukuma sledi, ile fremu ya chuma inayopakiwa sahani za uzito kisha ikasukumwa au kuburuzwa sakafuni. Mtu anakimbia kilomita moja, anabonyeza kitufe, anashika vishikio vya chini, na mkanda uleule uliokuwa ukimkimbiza sasa umegoma mpaka ausukume kwa miguu yake mwenyewe. Kwa jimu za miji kama Tabora hilo si jambo dogo. Chumba cha duka kilichogeuzwa jimu hakina mita 15 za sakafu tupu za kusukumia sledi halisi, na hata kikiwa nazo, vigae vyake havitadumu mwezi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeikuta mashine hiyo kwa mara ya kwanza: kijana wa mpira anayetaka mita kumi za kwanza ziwe kali, anayejiandaa kwa usaili wa jeshi au polisi, dada anayetaka mapaja na makalio yaliyokaza, au mstaafu wa reli ambaye magoti yake hayataki tena kukimbia lami. Mwishoni nimeeleza pia namna ya kupata kazi hiyohiyo kwa tairi na kamba, maana wengi wetu hatutaiona mashine hii karibu hivi karibuni.

Nani anaendesha mkanda

Ukishika jambo hili moja, mengine yote yatajipanga. Katika modi ya kukimbia, mota inazungusha rola, rola inavuta mkanda, na mkanda unateleza juu ya ubao. Ukiweka kilomita 10 kwa saa, mkanda utapita kwa kasi hiyo upende usipende. Kazi yako ni kuwahi kuinua miguu. Ndiyo maana mtu aliyeishiwa pumzi juu ya tredimili hawezi kusimama tu, anaangushwa.

Katika modi ya sledi, mota ni wewe. Mashine inauachia mkanda na breki inaushika. Breki iliyozoeleka ni ya sumaku: gurudumu zito la chuma limeungwa na rola, na sumaku zinasogezwa karibu nalo au mbali nalo kulingana na ugumu uliouchagua. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika, na usipousukuma mkanda, mkanda hausogei. Zipo pia tredimili zisizo na mota kabisa, zenye mkanda uliobonyea katikati, ambazo hata kwenye modi ya kukimbia ni miguu yako inayouzungusha. Hizo zikiwekewa breki, nazo hufanya kazi ya sledi.

Breki ya sumaku ina tabia yake ambayo wakufunzi wengi hawaisemi. Kadiri unavyousukuma mkanda kwa kasi, ndivyo inavyozidi kukuzuia. Ukipunguza mwendo, nayo inalegea. Sledi halisi haiko hivyo. Msuguano wake na sakafu haubadiliki sana ukikimbia au ukitembea, ila hatua ya kwanza, ya kuitoa mahali iliposimama, ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa hiyo namba 8 kwenye skrini si kilo 80, wala si kilo zozote. Usimwamini anayekuambia amesukuma kilo fulani kwenye tredimili.

Namba ya kuiangalia ni wati, kama skrini yako inazionyesha. Wati ni nguvu unayosukuma nayo mara kasi ya mkanda. Ukisukuma kwa niutoni 200, ambayo ni karibu sawa na nguvu ya kuinua ndoo ya maji ya lita 20, kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, umetoa wati 200. Nguvu hiyohiyo kwa mita 2 kwa sekunde ni wati 400. Utaona basi kwamba kuna njia mbili za kuongeza kazi, kuongeza ugumu au kuongeza mwendo, na hizo mbili hazijengi mwili kwa namna moja. Nitarudi hapo kwenye sehemu ya kutafuta ugumu wako.

Kwa mnaosema tredimili ni adhabu: mhandisi Mwingereza William Cubitt ndiye aliyeingiza magurudumu ya kukanyagwa na wafungwa katika magereza ya Uingereza, mwaka 1818. Hamjakosea.

Kabla hujapanda

Mwenye presha, kisukari, historia ya moyo, au mjamzito aanze kwa daktari, hapo hospitali ya Kitete au zahanati aliyoizoea. Sisemi hivi kwa mazoea tu. Kusukuma kitu kigumu huku umekaza mikono na kubana pumzi kunapandisha presha ghafla, zaidi ya kukimbia taratibu. Kwa mtu wa presha, modi ya sledi inafaa kwa ugumu mdogo na pumzi inayotoka bila kukatika, au isimfae kabisa. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au moyo ukienda mbio bila mpangilio, shuka na usipande tena siku hiyo.

Viatu viwe vya raba, soli iliyo bapa kiasi na isiyoteleza. Raba zenye sponji nene ni tamu kwa kukimbia ila kwenye sledi zinameza sehemu ya nguvu yako. Ndala, hapana. Peku, hapana pia, hata kama umekulia kuchezea mpira peku uwanjani: mkanda unachubua vidole.

Angalia nafasi. Nyuma ya mashine kuwe na mita 2 tupu, na pembeni nusu mita kila upande. Jimu nyingi huipanga tredimili mgongo ukutani ili watu waione televisheni, na hapo ndipo mtu akiteleza anabanwa kati ya mkanda na ukuta. Kama ndivyo ilivyo kwenu, mwambie mwenye jimu aigeuze kabla hujalipa mwezi.

Mwisho, ufunguo wa usalama: ile kamba fupi yenye klipu. Ibane kwenye fulana yako, si kwenye kishikio. Ukirudi nyuma kupita kiasi, kamba inachomoa ufunguo na mota inazimika.

Hatua ya kwanza: ijue modi ya kukimbia

Simama miguu ikiwa pembeni, juu ya zile reli mbili za plastiki, si juu ya mkanda. Washa kwa kilomita 3 kwa saa, kisha ingia mguu mmoja baada ya mwingine. Tembea dakika 3 hadi 5 huku ukipandisha kidogo kidogo hadi 5 au 6. Hapo mwili umeanza kupata moto, na ndipo unapoingia kwenye mbio.

Hesabu za kasi zinawachanganya watu waliozoea kupima kwa dakika za kilomita. Kilomita 8 kwa saa ni dakika 7 na sekunde 30 kwa kila kilomita. 10 ni dakika 6. 12 ni dakika 5. 15 ni dakika 4. Anayeanza akae kati ya 7 na 9. Kipimo kizuri kuliko saa yoyote ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, uko kwenye mwendo mwepesi. Ukitoa neno mojamoja, uko kwenye mwendo mkali.

Ndani ya jimu hakuna upepo wa kukimbia dhidi yake, ndiyo maana wakimbiaji huweka mwinuko wa asilimia 1 ili kazi ifanane na ya barabarani. Utafiti wa Waingereza Jones na Doust wa mwaka 1996 ndio uliotoa kipimo hicho, na kina maana zaidi kwa wanaokwenda kasi. Wewe wa kilomita 8 kwa saa, usijisumbue nacho. Kinachokuhusu zaidi ni joto. Ukosefu wa upepo una maana jasho halikauki, na Tabora ya mwezi wa tisa na wa kumi, chumba cha bati saa nane mchana, ni tanuri. Fanya asubuhi au jioni, omba feni ielekezwe kwako, na uwe na maji mkononi.

Usishike vishikio unapokimbia. Ukihitaji kushika ili usianguke, kasi imekuzidi. Mikono yako itapata kazi yake muda si mrefu.

Hatua ya pili: ingia kwenye sledi

Punguza mwendo, simamisha mkanda kabisa, ndipo ubadilishe modi. Baadhi ya mashine zinakubali kubadilisha modi huku mkanda ukiwa bado unakwenda, lakini wiki mbili za kwanza usifanye hivyo. Anza na ugumu wa chini kabisa unaokuwezesha kutembea bila mkanda kukukimbia.

Mashine nyingi zina vishikio vya aina mbili kwa kazi hii. Vya juu, usawa wa kifua, ni vya kuanzia na vya mwendo wa kasi. Vya chini, usawa wa nyonga, vinakulaza mbele zaidi na ni vya uzito. Zingine zina mkanda wa kiunoni unaofungwa kwenye nguzo ya nyuma, ili mikono iwe huru kama mtu anayevuta. Huo ni mzuri kwa wachezaji wa mpira kwa sababu mikono inapiga mbio kama kawaida.

Sasa mwili. Fikiria unavyosukuma gari lililozima: hakuna mtu anayelisukuma akiwa amesimama wima. Kutoka kichwani hadi kisigino cha mguu wa nyuma kuwe mstari mmoja, umelala mbele. Kwa ugumu mkubwa mstari huo unakaribia nyuzi 45. Kwa ugumu mdogo unainuka. Mgongo haupindi, makalio hayachomozi juu, shingo haiinuki kutazama kioo. Tazama mkanda, karibu mita moja mbele ya miguu yako. Kaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi.

Mikono iwe ya aina mbili, chagua moja na ukae nayo raundi nzima. Ya kwanza, iliyonyooka, inahamisha nguvu ya miguu moja kwa moja kwenye vishikio na haichoshi mabega sana. Ya pili, iliyokunjwa huku viwiko vikiwa karibu na mbavu, inakuweka karibu na mashine na inafaa kwa ugumu mkubwa sana. Kinachoharibu ni ile ya katikati, mikono inayokunjuka na kukunjika kwa kila hatua, maana kila ikikunjika imemeza nguvu iliyotakiwa kuufikia mkanda.

Miguu ndiyo kiini cha yote. Kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa hewani. Leta goti mbele na juu kidogo, weka mguu chini ya nyonga, si mbele yake, kisha usukume mkanda nyuma mpaka mguu uishe kunyooka. Maliza kunyoosha! Wengi hufanya vihatua vya haraka, magoti yakibaki yamekunjwa, na baada ya sekunde 20 mapaja ya mbele yanawaka moto huku makalio, ambayo ndiyo injini kubwa, hayajafanya lolote. Hatua fupi zinakubalika pale ugumu unapokuwa mkubwa, lakini kila moja iishe.

Pumzi itoke kwa kila hatua mbili. Usiibane raundi nzima.

Kumaliza ni rahisi kuliko kwenye mbio: acha kusukuma, mkanda unasimama. Ila usiachie vishikio papo hapo ukiwa bado umelala mbele, utapiga kidevu. Inuka kwanza, hatua tatu nne za kutembea, kisha ndipo uachie.

Kuna zawadi moja katika zoezi hili. Misuli inasukuma tu. Haifanyi ile kazi ya kujizuia wakati inarefushwa, kama inavyofanya unaposhuka mlima au unapoteremsha uzito mabegani. Kazi hiyo ya kujizuia ndiyo inayoleta maumivu makubwa ya siku ya pili. Kwa hiyo unaweza kusukuma Jumanne na bado ukacheza mpira Alhamisi. Wenye magoti yanayouma wanapotua kwa kishindo mara nyingi huivumilia sledi, kwa sababu hakuna kishindo. Lakini vigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino vinabebeshwa mzigo kweli kweli, na ukiongeza ugumu haraka, hapo ndipo patakapolalamika kwanza. Maumivu ya kano asubuhi unapotoka kitandani ni ishara ya kupumzika sledi kwa wiki, si ya kupaka dawa ya kuchua na kuendelea.

Hatua ya tatu: tafuta ugumu wako

Hapa ndipo watu wanapotea. Kijana anaweka ugumu wa mwisho kwa sababu wenzake wanamwangalia, anajikokota dakika moja na nusu, anashuka akihema, na mwezi mzima hasogei. Ugumu unategemea unataka nini, na unaupima kwa kasi yako mwenyewe.

Fanya hivi, siku ambayo hujachoka. Ukiwa umepasha mwili moto dakika 10, weka ugumu wa chini kabisa, sukuma kwa nguvu zote kwa sekunde 6, na usome kasi ya juu uliyofikia. Tuseme ni kilomita 18 kwa saa. Pumzika dakika 2. Ongeza ugumu, rudia. Endelea hivyo, ukipumzika kila mara, mpaka upate picha ya jinsi kasi inavyoshuka, kisha uandike kwenye simu.

Ugumu ambao kasi imeshuka kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi, yaani 16 hivi kwa mfano wetu, ni wa kunoa mbio. Unakimbia karibu kama kawaida, ila kuna kinachokuvuta. Ugumu ambao kasi imekatika nusu, yaani 9, ndio unaokutoa wati nyingi kuliko zote. Huo ni wa mchezaji wa mpira, mtu wa mita 100, yeyote anayehitaji kuchomoka. Na ule unaokulazimisha kutembea, kilomita 4 au 5 kwa saa huku ukijitahidi kwa nguvu zote, unajenga nguvu za msingi za makalio na mapaja.

Muda unafuata ugumu. Kwa kunoa mbio, sekunde 6 hadi 8 na mapumziko ya dakika 2. Kwa nusu ya kasi, sekunde 8 hadi 12 na mapumziko ya dakika 2 hadi 3. Kwa ule mzito, sekunde 15 hadi 20, pumzika hadi dakika 3. Ukiona mapumziko ni marefu mno, basi hukusukuma kwa nguvu zote. Anayetaka kupunguza mwili na kujenga pumzi ndiye pekee wa kusukuma muda mrefu kwa mapumziko mafupi: ugumu wa chini, sekunde 30 kazi, sekunde 30 kutembea, dakika 8 hadi 12.

Hatua ya nne: kuunganisha

Hiki ndicho mashine ya modi nyingi inachokifanya ambacho vifaa viwili vilivyo mbalimbali havikiwezi vizuri: kukimbia ukiwa umetoka kusukuma. Mwenendo huu umevuma kutokana na mashindano ya HYROX yaliyoanzia Ujerumani mwaka 2017, ambayo mshiriki hukimbia kilomita 1 mara 8, na baada ya kila kilomita kuna kituo cha kazi. Vituo viwili kati ya hivyo ni vya sledi, kusukuma mita 50 na kuvuta mita 50. Katika daraja la wazi la mtu mmoja mmoja, wanaume husukuma kilo 152 na wanawake kilo 102, sledi yenyewe ikihesabiwa.

Dakika ya kwanza ya kukimbia baada ya sledi ni ya ajabu. Miguu ni mizito, hatua inakuwa fupi, na mwili bado unataka kulala mbele. Usipambane nayo. Weka kasi kilomita 2 kwa saa chini ya mwendo wako wa kawaida, simama wima, pumua, na baada ya mita 200 hivi miguu inarudi. Ndipo upandishe. Anayerudi kwenye kasi yake palepale atalipa kwenye raundi ya tatu.

Na kumbuka kubadilisha modi kunageuza nani anayeendesha mkanda. Ukitoka sledi kwenda mbio, weka miguu pembeni kwanza, kwa sababu mota ikiwaka mkanda utaanza kwenda wenyewe. Wanaoanguka mara nyingi huangukia hapo, si kwenye mbio kali.

Wiki nane

Siku 3 kwa wiki zinatosha, na siku moja ya kupumzika kati yake. Kila siku inaanza na dakika 10 za kutembea na mbio nyepesi, inaisha na dakika 5 za kutembea.

- Wiki ya 1 na 2: mbio nyepesi dakika 15 hadi 20. Baada yake, sledi ya ugumu wa chini, kutembea sekunde 20 mara 4, siku mbili kati ya tatu. Unajifunza mstari wa mwili, hujaanza kutafuta nguvu.
- Wiki ya 3: siku ya kwanza pima ugumu wako kama nilivyoeleza. Siku nyingine, sledi ya nusu ya kasi, sekunde 8 mara 5.
- Wiki ya 4 na 5: siku moja ya nusu ya kasi, mara 6 hadi 8. Siku moja nzito, sekunde 15 mara 5. Siku moja mbio tupu, dakika 25 hadi 30 za mwendo wa kuongea.
- Wiki ya 6: punguza kila kitu nusu. Mwili unajengeka ukiwa umepumzika, na hii ndiyo wiki ambayo wabishi huiruka.
- Wiki ya 7 na 8: siku ya kuunganisha. Mita 600 za mbio, mita 25 za sledi, mara 3. Wiki inayofuata kilomita 1 na mita 50, mara 3 au 4. Siku nyingine mbili ziwe kama wiki ya 4, raundi chache zaidi.

Kijana wa mpira aliye katikati ya ligi asifuate hii yote. Achukue siku moja tu ya nusu ya kasi, mbali na mechi, basi.

Kuhusu chakula niseme kidogo tu: kula wanga saa mbili au tatu kabla, ugali, viazi au ndizi, na usisukume sledi ukiwa umetoka kula. Ukifunga, fanya jioni baada ya kufuturu kidogo, ugumu wa chini.

Umeme, vumbi na mafundi

Hii ni kwa mwenye jimu, ila mteja naye akijua atachagua vizuri pa kulipa. Mota ya nguvu farasi 3 ni takriban wati 2,200 ikifika mwisho wake. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja, kwa hiyo nusu saa ya mbio haiwezi kuzidi uniti 1.1 kwa upande wa mota, na kwa kawaida ni chini ya hapo. Katika modi ya sledi mota haifanyi kazi, umeme unaoliwa ni wa skrini na breki tu. Mwenye jimu mwenye akili ataipenda modi hiyo.

Kinachoua mashine hizi ni umeme unaopanda na kushuka, na ubao wa kielektroniki unaoungua si rahisi kuupata huku. Weka stabilaiza yenye uwezo mara mbili ya mota, hakikisha waya wa ardhini upo kweli na si mapambo kwenye soketi, na masika yakianza, radi zikipiga, chomoa plagi ukutani. Umeme ukikatika mtu akiwa anakimbia, mkanda hukatisha mwendo ghafla: shika vishikio, weka miguu pembeni.

Vumbi jekundu la kiangazi linaingia chini ya mkanda na kusaga ubao. Panguseni kila siku, na mara moja kwa wiki mpulize chini ya kifuniko cha mota ikiwa imechomolewa. Mkanda wa kawaida unapakwa silikoni chini yake kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Usipake oili ya gari wala mafuta ya kupikia; vinakusanya vumbi na kuuharibu mkanda. Mikanda ya vipande vya mpira inayopita juu ya beringi haipakwi kitu. Mkanda ukihamia kulia, zungusha boliti ya nyuma ya kulia robo mzunguko kuelekea mishale ya saa, uache uzunguke dakika moja, utazame. Ukihamia kushoto, boliti ya kushoto. Robo tu.

Modi ya sledi inasukuma fremu nzima mbele kwa kila hatua, kwa hiyo kaza boliti za vishikio kila wiki, na mashine isimame juu ya zulia la mpira. Juu ya vigae vitupu itatembea.

Ukiwa huna mashine

Tairi la gari dogo bila rimu lina uzito wa kilo 8 hadi 10, na gereji yoyote itakupa lililochakaa kwa bei ya soda au bure. Toboa tundu, pitisha kamba ya mita 4 au 5, funga kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Kamba ikiwa fupi, tairi litainuka na kurukaruka nyuma yako. Mkanda ukae kwenye nyonga, si tumboni wala mabegani. Kwa uzito zaidi weka jiwe au mfuko wa mchanga ndani ya tairi. Tafuta uwanja wa nyasi au udongo mgumu, upite kwanza kuokota misumari na miiba.

Anayetaka kusukuma aende kwa fundi wa kuchomelea na mchoro: bomba mbili za chini kama reli, ncha za mbele zimekunjwa juu zisichimbe, nguzo mbili za kushika, na chuma cha katikati cha kupakia uzito. Mwambie fundi alainishe ncha za nguzo, maana mikono itakuwa na jasho. Udongo ukilowa, sledi ileile inakuwa nyingine kabisa, kwa hiyo usilinganishe kilo za leo na za wiki iliyopita. Linganisha muda wa kumaliza mita 20 kwenye sehemu ileile siku kavu. Kipimo cha nusu ya kasi kinafanya kazi hapa pia. Kimbia mita 20 bila mzigo, pima muda, kisha ongeza mzigo mpaka muda uwe mara mbili.

Wenzetu wa Kigoma wana kitu ambacho Tabora, kwenye tambarare yake ya mita 1,200 hivi, haina: mlima katikati ya mji. Barabara ya Lumumba kutoka stesheni kupandisha Mwanga inakulaza mbele na kukudai unyooshe mguu nyuma kwa namna ileile, na mchanga wa ziwani nao unafanya kazi nzuri kwa mbio fupi. Panda kwa sekunde 10 hadi 15, alfajiri kabla magari hayajawa mengi, kisha shuka ukitembea. Kushuka kwa mbio ndiko kunakorudisha yale maumivu ya siku ya pili ambayo sledi ilikuwa imekuepusha nayo.